Fyuzi za Mama Velika

Malina Tsekova aligusa ukuta wa sebule kwa mgongo wa mkono, akauondoa haraka. Ukuta ulikuwa wa moto. Upande wa pili wa ukuta huo alilala mama yake, Velika, mwenye miaka themanini na minne na nyonga iliyovunjika, asiyeweza kufika mlangoni bila kushikwa.

"Genadi!"

Mdogo wake alikuwa roshanini, ghorofa ya tano, kati ya vyungu viwili vya umeme vya kuchomea pilipili hoho. Ilikuwa Septemba, na mji mzima wa Parvomai ulinuka maganda yaliyoungua. Kila roshani ilikuwa na chungu chake, na kila nyumba ilijaza mitungi ya majira ya baridi.

"Dada, umefika wakati mzuri. Shika kisu, umenye."

"Zima hivyo."

"Nizime? Nina kilo sitini hapa, na nusu nimeshaziosha!"

"Zima, au navitupa chini vyote viwili, na wewe ukivifuata shauri yako."

Hakungoja jibu. Alikwenda kwenye boksi la umeme karibu na mlango, akazima swichi kuu, akafungua fyuzi ya kauri. Ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba, mnene kama sindano ya kufumia.

Malina alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha makopo kwa miaka thelathini na mitatu, mwanamke pekee katika kikosi. Wiki ya kwanza wanaume walimtuma stoo akalete ndoo ya volti, kana kwamba umeme huchotwa kwa ndoo. Alirudi na ndoo ya maji machafu, akammwagia msimamizi miguuni, na hawakumtuma tena. Kiwanda kilipofungwa alipata kazi ya kukagua nyumba zilizoungua na kuandika chanzo cha moto. Katika nyumba kumi na moja alikuta waya kama huu. Katika mbili kati ya hizo hakukuwa na mtu aliyebaki wa kuulizwa.

"Ilikuwa inakatika kila dakika kumi," Genadi alijitetea. "Tungechoma hoho mpaka Krismasi."

"Inakatika kwa sababu umewasha vyungu viwili na tangi la maji ya moto kwenye waya mmoja wa zamani! Inakwambia imezidiwa, na wewe unaiziba mdomo. Sasa plastiki ya waya inayeyuka humo ukutani. Ikiisha, nyaya mbili zitagusana, hiyo ndiyo shoti. Umeme utapita wote kwa mkupuo. Fyuzi ya kweli ingeyeyuka yenyewe, mambo yakaisha. Hii haiyeyuki. Kitakachoyeyuka ni ukuta wa mama!"

"Imeshika miaka yote, dada."

"Nani aliufunga waya huu?"

Genadi alitazama mlango wa chumbani.

"Mimi," ilisikika sauti ya mama yao kutoka kitandani. "Punguza kelele. Kwenye kopo la vifungo ziko nyingine nne. Nimezizungusha vizuri, mara tano kila moja."

Malina aliingia chumbani. Maneno aliyomwandalia Genadi yote yalikuwa bado mdomoni, lakini huyu alikuwa mama yake. Kisha akayasema hivyo hivyo, kwa sauti ambayo hakuwahi kumpandishia. Alimweleza habari za zile nyumba mbili, na alichokikuta kitandani katika mojawapo.

"Mimi nilitaka hoho zangu ziishe," mama alisema, akageukia ukuta.

Malina alizimwaga zile fyuzi nne juu ya sakafu ya jikoni, akazipondaponda kwa nyundo. Kisha akafungua kifuniko cha maungio ukutani. Nyaya za aluminiamu zilikuwa nyeusi, na plastiki yake ilidondoka kama makombo ya mkate. Kati ya waya na waya palibaki nafasi ya karatasi moja tu.

"Njoo uone," alimwambia Genadi. Genadi aliona, na safari hii hakusema kwamba imeshika.

Siku mbili alitoboa kuta na kutukana. Aliupa mstari wa roshani waya wake mpya wa shaba kutoka kwenye boksi, na breka yake yenyewe, swichi inayojikata umeme ukizidi. Tangi la maji nalo lilipata breka nyingine. Mama hakumsemesha, hata alipompelekea supu. Kilo thelathini zilizooshwa zilioza, na Genadi alizihesabu kwa sauti akizitupa.

Jumamosi iliyofuata simu iliita.

"Dada, hicho kidude chako kimekatika! Nimekirudisha, kimekatika tena!"

"Chungu kina nini?"

"Kimepiga cheche. Waya wake umelalia mfuniko wa moto, umeungua mpaka ndani. Lakini chungu chenyewe kizima, nikiuzungushia waya gundi ya—"

"Umekirudisha kabla hujachomoa plagi? Wewe una kichwa au mtungi? Chomoa! Gusa ukuta wa mama."

Alisikia hatua za Genadi, kisha sauti ya mama yake ikiuliza kwa nini anapapasa ukuta kama mlevi.

"Wa baridi," alisema Genadi.

"Mpe simu mama."

Ilichukua muda.

"Unasemaje?" mama aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Malina tangu siku ya nyundo.

"Nakuja kubadilisha waya wa chungu. Asikiguse mtu."

"Njoo na kisu chako cha kumenyea hoho," mama alisema. "Vya huku ni butu."