Mama alitolewa mtoto wa jicho, bandeji ilipofunguliwa akamwona pacha wangu aliyefariki

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hiki ninachowaletea kimetokea nyumbani kwetu. Sijaongeza chumvi wala sijapunguza.

Mimi naitwa Doto. Kwa wasiojua mambo ya kwetu Usukumani, ukisikia Doto ujue kuna Kulwa, maana hayo ni majina ya mapacha. Kulwa alinitangulia kuzaliwa, na akanitangulia kufariki kwa malaria tukiwa bado shule ya msingi. Leo mimi nina mvi.

Mama anaishi Misungwi, analima. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu hadi siku moja akalifukuza gunia la mkaa akidhani ni mbuzi wa jirani. Nikamleta kwangu Nyakato, tukaenda hospitali.

Operesheni yenyewe ilikuwa fupi. Walimchoma sindano ya ganzi pembeni ya jicho, wakamaliza kazi yao, wakafunga bandeji, tukarudi nyumbani anacheka.

Kesho yake tukarudi hospitali, nesi akaifungua. Mimi na shangazi, dada yake marehemu baba, tumesimama mlangoni.

Mama akapepesa macho, akanitazama. Halafu akatazama juu ya bega langu. Machozi yakaanza kumtoka.

"Kulwa naye amekua," akasema.

Niligeuka nyuma haraka. Palikuwa na mlango tu.

Shangazi akanivuta nje. Akasema ngoma ya tambiko la mapacha haikuchezwa sawasawa tulipozaliwa, na hilo ndilo limemleta Kulwa. Akapiga simu kwa ndugu wote. Tukakubaliana, na mimi nikiwemo na diploma yangu, kwamba hospitali tusiseme kitu, wasije wakamwandikia mama dawa za vichaa.

Mtauliza, ina maana hakuona na manesi wawili wawili? Aliwaona. Nilikuja kumuuliza baadaye. Akasema hao alijua ni macho bado hayajatulia. Ila mimi kuwa wawili aliona ni sawa, mbona ndivyo alivyotuzaa.

Tukawa tunaishi hivyo. Mama anaongea na mimi, kisha anaongea na pembeni yangu. Nakiri nilianza kuogopa kukaa naye chumba kimoja.

Mpaka asubuhi aliyomimina chai kwenye kikombe kisichokuwepo. Ikamwagika yote mapajani, akaungua. Nikamwambia shangazi ngoma itasubiri, huyu ataanguka ngazini afe. Nikambeba mama hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Akamsalimia shikamoo, akamziba jicho moja kwa kiganja.

"Mama, huyu mwanao unamwona wangapi?"

"Mmoja."

Akaziba la pili. Mmoja. Akaondoa mkono.

"Wawili," mama akasema, akatabasamu.

Wakuu, hapo ndipo nilipopata mshtuko mkubwa kuliko ule wa kwanza. Daktari akanionyesha jinsi jicho la kulia lilivyokuwa halishuki kama mwenzake. Akasema operesheni haina kosa, kinachohisiwa ni ganzi.

Nikamuuliza, ganzi hii hii ya kung'olea jino?

Akasema ni jamii hiyo hiyo, na watu wengi huchomwa bila shida. Ila ikitokea sindano ikaingia ndani ya msuli wenyewe, dawa inaweza kuua seli zake. Kwa lugha nyepesi, ile kalsiamu inayoukaza msuli inafunguka ndani ya seli bila breki, seli inajikaza mpaka inaharibika. Msuli unaoliendesha jicho ukilegea, macho mawili yanaangalia sehemu mbili, na mtu mmoja anaonekana wawili.

Habari njema ni kwamba msuli una seli changa ambazo mara nyingi hunusurika na kuujenga upya. Tuzibe jicho moja anapotembea, tusubiri. Ikigoma kuna miwani maalumu.

Nyumbani mama akakataa kitambaa. "Mkiniziba mnamfukuza mwanangu." Nilimbembeleza sana hadi akakubali kukivaa jikoni na kwenye ngazi. Jioni anakivua, ananiita nikae mbele yake.

Nikawa namuuliza, Kulwa yuko wapi leo?

"Yuko pembeni yako, amekuzidi kichwa."

Wiki zikapita. "Amesogea. Mnagusana mabega."

Nilijua kabisa kinachoendelea, ni msuli unapona. Nilikuwa naomba Mungu apone haraka. Na bado, akisema amesogea, nilijikuta nampisha nafasi kwenye benchi.

Jumapili iliyopita nikakaa mbele yake kama kawaida. Alinitazama muda mrefu, akafumba macho, akafumbua. Kisha akanipapasa uso.

"Pole, Doto. Umebaki peke yako tena."

Mama sasa anaona vizuri, anataka kurudi shambani kwake.

Msiache operesheni za macho kwa sababu ya uzi huu, wala msiikimbie ganzi. Ila mgonjwa wako akianza kuona vitu viwili viwili, mrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo, msikae vikao kama sisi.

Waliopitia haya waseme, na madaktari mnisahihishe nilipokosea. Lakini kama una pacha na yuko hai, mpigie simu kwanza ndipo uje ukomenti.