Shadya amwonea wivu askari aliyefia Afghanistan

Saa mbili asubuhi, Nguvumali, jijini Tanga. Fundi Yasini amelala kifudifudi mdomoni mwa kisima cha jirani, mkono mmoja umezama hadi begani, anavuta bomba la pampu iliyogoma tangu juzi. Mkewe, Shadya, amesimama pembeni na spana mkononi na maneno mdomoni.

"Mwulize vizuri huyo," anamwambia mwandishi. "Akikujibu kwa ufupi, rudia. Mie namrudia mwaka wa tisa huu."

Yasini anacheka bila kuinua kichwa. Ni Mzungu wa Australia, miaka 47, aliyekuja Maramba kuchimba visima, akamwona Shadya, akasilimu, akaoa. Visima akaendelea kuvichimba. Kabla ya hapo alikuwa askari wa miguu asiye na cheo cha kutajwa, aliyepelekwa Afghanistan mara mbili.

"Watu wanadhani vita ni kupiga bunduki tu," anasema, kwa Kiswahili chenye Kidigo kingi ndani yake kuliko Kizungu. "Vyangu mimi vilikuwa kutembea na kubeba. Maji, betri, risasi, mzigo wa mwenzako akichoka. Unatembea, unangoja, unatembea tena. Jioni unaitazama miguu yako, unashukuru ipo."

Hayo Shadya aliyajua. Asichokijua ni kwa nini kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu ya Muungano, mumewe aliamka kabla ya adhana, akaoga, akavaa shati alilolinyoosha mwenyewe, akachuma mrehani kwenye chungu cha Shadya uani, kisha akapanda baiskeli na kupotea.

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Mwanamume hatoki alfajiri ananukia mrehani kwenda kumwona mwanamume mwenzake.

"Mwaka wa kwanza nikasema labda. Wa pili nikanyamaza. Wa tatu nikaanza kuyakagua matawi," anasema Shadya. "Na simu je? Jioni ileile anaongea na mwanamke, Elizabeti, Kiingereza kitupu, na machozi juu! Mie hajanililia hata siku moja. Niliuchukia ule mrehani, nikataka kuung'oa."

Shoga yake, Samiha, hakusaidia. Alimwambia, "Mwenzangu, ushapata mke mwenza wa ng'ambo weye." Wivu ukampanda Shadya kichwani, akala yamini kuwa akimfuma tu, anarudi kwao Maramba na wanawe. Nguo alikwisha kuzifunga.

Aprili mwaka juzi alimfuata. Alijitanda kanga, akamwamsha Sele, jirani mwenye bajaji, wakaifukuzia baiskeli hadi Raskazone. Huko alimkuta mumewe ufukweni, amesimama wima peke yake, ameinamisha kichwa, mrehani umechomekwa kifuani.

"Nikamvamia. Nikamwuliza, yuko wapi huyo? Akanitazama, akasema, 'Amekufa.' Lo, kumbe alikuwepo kweli!"

Aliyekufa ni Kolin, askari mwenzake. Walikuwa wakikatiza shamba kwa mstari, Yasini mbele, Kolin nyuma yake. Yasini alikanyaga, akapita. Kolin akakanyaga palepale, bomu likalipuka. Elizabeti ni mjane wake. Kwao Australia, kila tarehe 25 Aprili watu huamka alfajiri kuwakumbuka askari wao, na wengi hubandika kifuani kijitawi cha jani lenye harufu. Jani hilo Yasini hakulipata Tanga, akaona mrehani utafaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia huku unafaa kwa lipi.

"Ndipo nikaelewa kwa nini tukitoka huniambia nitangulie," anasema Shadya. "Wanawake wa mtaani wakinionea gere, mume gani huyu wa kumpisha mkewe mbele! Kumbe hawezi kuwa na mtu wake nyuma asikomwona."

Ungedhani wivu uliishia hapo. Wapi! Ulihama tu, ukatoka kwa Elizabeti ukamwendea marehemu.

"Nilimwambia palepale mchangani: una msiba ndani ya nyumba yangu miaka yote hii, na mkeka sijatandika? Majirani hawajaja, sufuria halijainjikwa! Pole zako unazipokea kwa simu, na mie niko chumbani nakukunjia mashati?"

Bomba limetoka sasa, na Yasini anakaa kitako, anajifuta tope. "Kwetu mtu husimama kimya, halafu anarudi kazini," anasema. "Sikujua kuwa kunyamaza kwangu ni kumdhulumu yeye."

Shadya hakurudi Maramba. Mwaka jana alitandika mikeka uani, akapika. Imamu wa mtaa aliwaambia kisomo hakitakuwepo, kwani Kolin hakuwa Mwislamu, lakini kulisha majirani na kumpa pole mfiwa hakuna anayekataza. Watu wakajaa. Mzee Masoud, aliyepigana Kagera, alimshika Yasini mkono, wakakaa hivyo hadi magharibi.

"Hata yule mzee nilimwonea wivu," Shadya anakiri, na hacheki. "Anakijua kitu cha mume wangu ambacho mie sitakijua."

Mwaka huu Elizabeti anakuja Tanga. Aliyempigia simu kumwalika ni Shadya mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Wanawake hao wawili watalala chumba kimoja, kwa sharti kwamba Elizabeti amsimulie Shadya jinsi Kolin alivyokuwa tangu mwanzo, maana maneno ya Yasini ni ya kuvutwa kama pampu. Kisha alfajiri wataongozana wote watatu hadi Raskazone.

"Sendi kuvizia tena, nakwenda kusimama," anasema. "Na nina neno langu kwa huyo Kolin. Nitamwambia: mume wangu ulikuwa naye miezi minane, mie nimezaa naye, na bado usingizini anakuita weye. Sikwambii uondoke. Sogea kidogo tu, nami nipate pa kusimama."