Majani Yasiyovunwa

Juzi, mbele ya nyumba moja Kamukuzi, mjini Mbarara, niliona majani marefu yenye mistari myeupe, pua yangu ikanirudishia harufu ya udongo uliomwagiwa maji.

Kule Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tulipanda maharage na mahindi tu, vitu vya kuvuna upesi, maana Mama alisema tutarudi Kongo wakati wowote. Alasiri moja alitoka Mbarara na kitita cha majani hayo yenye mizizi, akakipanda mlangoni. Sikutulia. Nilikizungukazunguka, nikifunuafunua majani kutafuta masuke.

“Mama, hii tutavuna wakati gani?”

“Hii haiko ya kula. Ni ya kupendezesha fasi yetu, hapa tunapokaa.”

Nilinuna, nikidhani amesahau njaa. Kumbe Mama alikuwa ameacha kungoja safari ya kurudi.