Siipunguzi Petroli, Baba

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa baridi yake. Ilikuwa Julai, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na ukungu ulikuwa umeufunika mji wa Embu hata saa nne asubuhi. Mimi Wawira nilikuwa nimeketi ndani ya gari, kompyuta ya kukunja mapajani, nimevaa ovaroli ya mwanamume niliyoikunja mikono mara tatu. Nje walisimama wanaume sita wakinitazama kama waliokuja kuona mbuzi akisoma gazeti. Nikajiambia, wacha watazame.

Gari lilikuwa la Mzee Njeru, mkulima wa kahawa wa Runyenjes. Alilinunua Nairobi kwa dereva wa mashindano, nalo likaja na mambo yake: injini isiyo na kabureta, hiyo kompyuta, waya wa kuiunganisha na injini, na kitabu kinene cha Kiingereza. Fundi Mbogo, mwenye gereji karibu na mtaa wa Majimbo, alikifungua kitabu, akakifunga, akaagiza niitwe. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo nilikosomea kompyuta, na kazi sijapata.

Nikueleze kidogo, usichoke. Injini hula hewa na petroli pamoja, na kwenye kompyuta kulikuwa na jedwali la namba za kupima chakula hicho. Ukipandisha namba, petroli inaongezeka, ukishusha, inapungua. Waya mwingine uliochomekwa kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi, hukuambia kama umepatia. Gari likiwa kwenye tambarare huvumilia petroli haba. Lakini lipandishe mlima, ukanyage hadi mwisho, na petroli ikiwa haba joto linazidi mpaka pistoni inatoboka. Siku tatu mimi na Fundi Mbogo tulishinda kwenye barabara ya Runyenjes, yeye akiendesha, mimi nikirekebisha namba moja moja, hadi gari likapanda bila kukohoa.

Mzee Njeru alikuja kulichukua, akaliendesha siku mbili, akarudi amekunja uso.

"Mwari, hii gari inakunywa sana. Iambie hiyo kompyuta yako ipunguze petroli."

"Baba, kwa mlima itaungua."

"Mimi na baba yako tulitahiriwa siku moja. Wewe ndio utanijibu?"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Kwetu mtu wa rika la baba ni baba. Humkatalii, na humsahihishi mbele ya watu. Nilizishusha namba zote kwa hasira, nikijiambia mtoto akililia wembe, mpe. Pale kwenye uwanja wa gereji injini haikuwa na mzigo, kwa hiyo ilinguruma vizuri, na mzee akanisifu kwa adabu yangu. Sifa ile ninaichukia hadi leo.

Jumamosi akaenda Meru na mkewe. Walipovuka mto Thuchi wakaanza kupanda, pistoni ikatoboka. Walikaa kando ya barabara tangu asubuhi hadi jioni, mama wa watu na magoti yake mabovu, mpaka lori la mchanga lilipowavuta. Jumatatu mzee alinifokea mbele ya gereji nzima. "Nilisema mimi! Msichana na injini, wapi na wapi?" Nami nikainamisha kichwa. Nilinyamaza mara ya pili.

Alipoondoka, Fundi Mbogo alifungua plagi, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nyeupe kama chaki, alama ya injini iliyonyimwa petroli.

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini yule ni baba."

"Injini haina rika," akasema. "Ungekosa kwa kutojua, ningekufundisha. Sasa nitakufundisha nini? Hiyo heshima yako imemweka mama ya watu kwa barabara siku nzima. Ukifanya hivyo tena, hiyo ovaroli utaiacha hapa."

Maneno yaliniingia. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha nilichokijua.

Tuliifungua injini, tukaweka pistoni mpya, nikarudisha namba za mlimani. Mzee Njeru aliporudi hakuja peke yake. Alikuja na baba yangu mzazi, wakasimama bega kwa bega, kofia zao mikononi.

"Mwambie mtoto wako apunguze. Kidogo tu," akamwambia baba.

Baba akanitazama. "Wawira, umesikia."

Nikaifunga kompyuta, nikashuka garini.

"Nimesikia, baba. Mkinituma maji mtoni sasa hivi, nitaenda. Mkiniambia nilime shamba lote, nitalima. Lakini petroli siipunguzi."

"Basi natoa gari yangu hapa!" Mzee Njeru akanguruma.

"Toa, baba. Itatoka vile iko."

Fundi Mbogo aliendelea kupangusa spana zake. Wale wanaume sita, siku hiyo hakuna aliyecheka.

Mzee alilipeleka gari Nairobi kutafuta wa kumtii. Mkewe alinisimulia baadaye sokoni, akinishika mkono: mafundi wa huko walizitazama namba, wakasema zisiguswe. Basi aliliendesha hivyo hivyo, Embu hadi Meru, miaka mingi, akinung'unikia petroli. Hakunisalimu tena mpaka alipozikwa. Baba naye alipoteza rafiki wa ujana wake, na hilo liliniuma, sikufichi. Jioni moja nilimwomba msamaha kwa hilo. Akajibu, "Gari ingekuwa yangu, hata mimi ningependa kufika Meru," kisha akaniomba nimwongezee chai.

Sasa sikiliza. Waheshimu wazee, wapishe njia, wabebee mizigo. Lakini kazi unayoijua, usiiharibu kwa amri ya mtu, awe mzee, awe tajiri, awe baba yako. Sema hapana mapema, tena kwa sauti ya kusikika, wala usingoje pistoni itoboke. Watakuita mkaidi. Mimi wameniita hivyo tangu ujana, na sijapungua kilo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono inayojua na mdomo usiotetemeka, na siku utakaposimama peke yako mbele ya wakubwa, akushike magoti yasikunjike.