Prosesa ya Shemeji na Imondo ya Kuku

Alhamisi, katikati ya Aprili. Jua kali mpaka saa nane, halafu mvua ikapiga mabati tukawa tunaongea kwa kupaza sauti.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, alikuja kuongezea nguvu kompyuta ninayochapia vijitabu vya mazishi. Amejiita fundi tangu alipobadilisha kioo cha simu ya mama yao. Fundi wa nyumbani halipwi, huchinjiwa. Kuku alikuwa jikoni kabla hajalegeza skrubu hata moja.

Aliing'oa prosesa ya zamani, akaenda nayo mjini, akarudi na mpya. Ile ya kwanza aliiacha kwa muuzaji kama nyongeza ya malipo.

Shule yangu ni fupi, kwa hiyo niliuliza kwa woga. "Umehakikisha bodi ya ndani ya kompyuta inaikubali? Ni ya kitambo."

"Mulamwa," akaniita kishemeji kwa lugha yetu, "tundu ni ile ile. Kiatu ikiingia mguu, si ni yako?"

"Hata ya jirani inaniingianga."

Nikamwonyesha kwenye simu ukurasa wa watengenezaji wa bodi. Labda nilisoma vibaya, lakini waliandika kwamba bodi ya toleo letu lazima kwanza isasishwe mfumo wake wa ndani, prosesa ya zamani ikiwa bado imo.

"Hiyo iliandikwa na waoga," akasema, akaipachika.

Niseme haki: aliipachika vizuri, hakupinda kitu. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Akapuliza vumbi, akasugua memori kwa kifutio cha penseli, mwishowe akalaumu stima. Stima ilikuwepo, ndiyo iliyozungusha feni.

Saa kumi akaja mzee wa familia iliyofiwa kufuata vijitabu vya Jumamosi. Akatazama kioo, akamtazama fundi.

"Mama, maiti haingojangi fundi."

Akachukua picha ya marehemu na karatasi zake, akavuka barabara hadi kwa mshindani wangu. Hakukosea. Lakini mteja wa mazishi akihama, huhama na ukoo wake.

"Kesho nitaomba ile ya zamani," shemeji akasema, "kama haijauzwa."

Jioni tulikula obusuma, yaani ugali, mboga ya mrenda na ingokho, yule kuku. Imondo, ile firigisi, ni ya mwanamume wa heshima mezani, na mume wangu yuko zamu ya kiwandani Butali. Nikaiweka kwenye sahani ya shemeji. Akaitafuna polepole, akasema imeiva sawasawa.

Kweli ilikuwa imeiva.