Kitambaa Juu ya Kompyuta

Fundi hubana skrubu midomoni, kwa hiyo husema machache, na hayo machache huuma. Ndiye aliyemuundia Vukan kompyuta ya michezo kwa vipuri vya mtumba. Matundu ya mbele aliyavika soksi ya nailoni kuzuia vumbi la chumba cha Vukan cha darini, ya juu akayaacha wazi joto litoke. Leo ameitwa tena, maana inazimika yenyewe. Vidole vyake vinapapasa taratibu, kama vya mkunga, hadi juu, kwenye kitambaa cheupe ambacho Radojka, mamake Vukan, alikifuma majira yote ya baridi.

“Nani kaiziba pua?”

“Niliipamba tu, mwanangu. Kama redio.”

Fundi anakivuta, anafutia feni, kisha vidole vyake, kimoja kimoja. “Haya, mama. Sasa inapumua.”

Radojka anakipokea kwa mikono miwili, kimekuwa cheusi, anasema asante.