Debe Kwenye Skrini

Nilirudi Voi katikati ya miaka ya tisini nikiwa na diploma ya kompyuta kutoka Uingereza. Niliilipia mwenyewe, miaka minne ya kuosha sufuria za hoteli. Hakuna mjomba aliyenisaidia wala harambee iliyofanywa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mjini wakati ule kila aliyewahi kugusa kibodi alijiita mtaalamu, na wengi wao walichojua ni kuiwasha mashine asubuhi na kuifunika kitambaa cha kufuma jioni.

Kamati ndogo ya maji ya upande wa mlima Sagalla ilipopewa kompyuta na wafadhili, iliniita mimi. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati. Niliifunga mashine, nikamfundisha sekretari wao kwa siku mbili. Alikuwa mama wa Mbololo aliyeolewa Sagalla, aliyepiga taipureta miaka ishirini bila kuangalia vidole. Kamati ilimpa miezi mitatu ya majaribio: akiiweza kompyuta, anabaki, akishindwa, kiti kinakwenda kwa msichana mmoja mwenye cheti cha Mombasa. Mama huyo alikuwa na binti wawili katika shule ya bweni, na hakuwa na mshahara mwingine.

Mwezi wa pili nikaitwa kwa haraka. Fundi wa kampuni iliyouza mashine alikuwa amefika kutoka Nairobi asubuhi ile kuikagua. Kijana wa tai ndefu, mwenye mkoba mkubwa kuliko elimu yake. Alikuwa ameshaondoka. Nilimkuta mwenyekiti, mwalimu mstaafu, amesimama katikati ya chumba, na mweka hazina ameketi juu ya gunia la saruji. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani.

"Orodha imepotea," mwenyekiti akaniambia. "Orodha yote ya nyumba zitakazopata bomba. Watu tisa wamepanda na kushuka mlima ule wiki sita, nyumba kwa nyumba."

"Uliiweka wapi, mama?" nikauliza.

"Kwenye debe."

"Debe gani?"

Akanyoosha kidole kwenye kipicha kidogo pembeni mwa skrini. Kilikuwa kapu la taka.

Kila jioni, kabla ya kuzima mashine, alikuwa akizishika karatasi zote kwa kipanya, moja moja, na kuzitumbukiza humo. Asubuhi alilifungua, akazikuta zote salama, akazitoa, akafanya kazi. Wiki nzima, wiki mbili, wiki sita, halikumwangusha hata mara moja. Kisha akaja yule wa tai, akaona kapu limejaa, akalimwaga. "Nimewasafishia mashine," aliwaambia, kana kwamba amefagia uwanja. Halafu akapakia programu zake upya juu ya kila kitu.

"Umesikia mwenyewe," mwenyekiti akasema. "Kazi ya watu tisa anaitia takani. Kwa nini tungoje mwezi wa tatu?"

Mama hakuinua sauti. "Mwalimu, cheti chako cha shamba kiko wapi?"

"Hilo halihusiani na hapa."

"Nauliza tu. Kiko wapi?"

Mweka hazina akacheka kwenye gunia lake. "Kiko kwenye debe, mama. Debe la mafuta ya kupikia, chini ya kitanda. Mlima mzima unajua."

Kwetu mchwa hula karatasi msimu mmoja wa mvua. Ukiacha barua mezani, unakuta mchanga. Ndiyo maana kila nyumba, kuanzia Sagalla hadi Bura, ina debe lililooshwa na kukaushwa, na humo hulala vyeti vya kuzaliwa, kadi za ubatizo, hati za shamba. Diploma yangu mwenyewe, na majivuno yangu yote juu yake, siku hiyo ilikuwa ndani ya debe la mama yangu.

Mtu fulani, kwenye ofisi yenye zulia, alichora kapu lililokuwa chini ya meza yake akadhani amechora kapu la dunia nzima. Hakujiuliza kama kuna watu wasiotupa karatasi. Na chombo chenyewe, kama kweli ni cha taka, kwa nini kimrudishie mtu vitu vyake asubuhi vikiwa vizima? Taka gani hiyo? Mama aliamini alichokiona kwa macho yake. Yule mchoraji alitaka aamini alichokuwa akikifikiria kichwani mwake. Nimesoma na watu wa aina hiyo. Wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya rangi ya kitufe.

Nilikuwa na disketi ya kufukua vilivyofutwa. Nikahangaika saa mbili. Nikapata nusu ya barua ya kuagiza tangi na mistari ya alama zisizosomeka. Fundi alikuwa amefukia vizuri.

"Basi," mwenyekiti akasema. "Swali moja tu limebaki. Nani alimfundisha?"

Jibu la kujitetea nilikuwa nalo tayari: kwamba siku mbili hazitoshi, kwamba aliyekwama angeuliza. Lakini niliikumbuka asubuhi ya kwanza, jinsi nilivyoimaliza yote nikieleza mashine inavyofikiri ndani yake, ili wajue wamemwita mtu wa namna gani. Nilipofika kwenye kile kipicha nilisema hivi tu: "Na hiki kila mtu anakijua."

"Mimi," nikasema.

"Wewe uliyesomea Ulaya."

"Mimi."

Alinitazama kama alivyozoea kuwatazama wanafunzi. "Utakaa naye hapa mpaka orodha irudi. Bure. Naye hatoki kwenye kiti hicho."

Madaftari tisa ya wale waliopanda mlima yalikuwepo bado. Siku nane nilisoma kwa sauti naye akapiga, na mara kwa mara alinisimamisha. "Huyo alihamia Taveta, pale hapana nyumba. Ruka." Au, "Hao ni majiko mawili ya wake wenza, usiwawekee bomba moja, watauana." Hayo hayakuwa kwenye madaftari. Orodha ilipokamilika ilikuwa sahihi kuliko ile ya kwanza.

Fundi wa Nairobi alirudi mwezi uliofuata. Mama alimwekea kiti mbali na mashine, akampa karatasi na kalamu, akamwambia aandike kwanza kila anachotaka kugusa.

Miezi mitatu ilipotimia, barua ya kumthibitisha kazini aliipiga yeye mwenyewe. Mwenyekiti aliisoma mara mbili akitafuta kosa, akakosa, akatia sahihi.